KURUDI JUU YA PIKIPIKI BAADA YA KUWEKEWA NYONGA MPYA

Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tudor, Mombasa



Kamati imetuagiza tuwaeleze habari za mwenzetu mmoja, mwendesha pikipiki wa mtaa huu wetu wa Tudor, aliyeondolewa kichwa cha fupa la paja akawekewa kingine cha chuma, na ambaye leo amerudi kazini juu ya pikipiki. Jina lake hatutalitaja. Wengi wenu mwamjua, na asiyemjua hatapungukiwa na kitu. Mwenyewe ametupa ruhusa ya kusimulia kwa sharti hilo. Habari hizi hazikuletwa hapa kwa kuwa ni ajabu. Zimeletwa kwa sababu chama hiki kilitia mkono wake katika mambo yaliyompata, na mara mbili kiliutia vibaya.

Mwenzetu aliumia zamani kidogo, akiwa bado anaendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Ilikuwa masika, usiku, naye anatoka kumshusha abiria Makupa. Hakugongwa na gari wala hakugonga mtu. Gurudumu la mbele liliteleza penye maji yaliyochanganyika na mafuta, na pikipiki ikamlalia ubavu wa kulia. Hospitali wakaona kwamba shingo ya fupa la paja imevunjika, wakaiunga kwa skrubu. Mfupa ukaunga, naye akarudi steji, na chama kikamkopesha fedha za kununua pikipiki yake mwenyewe, deni ambalo alikuwa akililipa bila kukosa mwezi hata mmoja. Ulipopita mwaka na nusu yakaanza maumivu ya kinena. Kwanza alichechemea jioni tu, kisha mchana kutwa, na mwisho hata kuvaa soksi ya mguu wa kulia akawa avishwa na mtoto.

Tuliuliza sababu, maana sisi tulidhani mfupa uliounga ni mfupa uliopona. Tukaambiwa kwamba mishipa ipelekayo damu kwenye kichwa cha fupa hupita kando ya shingo ile ile. Shingo ikivunjika, mishipa yaweza kukatika, na kichwa kikafa polepole kwa kukosa damu, kikabonyea kama embe bovu, hata kama ufa wenyewe umekwisha kuziba. Hali kama hiyo huwapata pia baadhi ya vijana wenye ugonjwa wa selimundu, ambao hapa Pwani si wachache, na wao hawakuanguka popote. Twalitaja jambo hili kwa kupita, ili mzazi anayemwona kijana wake akichechemea asifanye haraka kusema ni uvivu.

Dawa ya kichwa kilichokufa ni kukitoa. Wazee wanijuao kinu na mchi hawana haja ya picha: nyonga ni kinu, na kichwa cha fupa ni mchi. Mpasuaji huukata mchi ulioharibika, akapigilia ndani ya fupa la paja kijiti cha chuma chenye tufe juu yake, akatengeneza kinu kipya chenye utando wa plastiki ngumu ndani, kisha akakitia kimoja katika kingine. Elimu hii ina miaka yake. Mpasuaji wa Uingereza, John Charnley, aliyefanya kazi katika hospitali ya Wrightington, alitumia kwanza plastiki iitwayo Teflon, akawawekea wagonjwa wapatao 300. Nayo ikalika kwa miaka michache tu, ikambidi awapasue tena. Alifika hata kujitia vipande vya plastiki katika paja lake mwenyewe, apate kujua vinaudhuru mwili namna gani. Mwezi wa Novemba 1962 akaanza kutumia plastiki nyingine, polithini, na hiyo, baada ya kuboreshwa, ndiyo inayotumika sana mpaka leo. Bwana huyu tunampenda kwa sababu alikosea mbele ya watu, kisha akawaita wale wale akawatengeneza.

Mwenzetu alipasuliwa mwaka jana. Bima ilibeba sehemu, ndugu zake wakabeba sehemu, na michango yenu ikaziba pengo. Hesabu zake zimo katika taarifa ya Mweka Hazina. Siku ya pili alisimamishwa kwa magongo mawili. Nyumbani alirudi na maagizo ambayo mtu wa bara ya mbali huenda asingeyaona kuwa mazito, lakini kwetu sisi watu wa Pwani yaligeuza nyumba nzima. Kwa kuwa alipasuliwa kwa upande wa nyuma, aliambiwa kwa muda wa majuma kumi na mawili asikikunje kiungo kupita pembe ya mraba, asipandanishe miguu, wala asiugeuze mguu ule kuelekea ndani. Akifanya hivyo kabla nyama hazijashikana, mchi waweza kuchomoka katika kinu. Basi fikirini wenyewe: asikae juu ya mbuzi ya kukunia nazi, asikae mkekani kula na wanawe, asichuchumae chooni. Kiti cha choo kilitengenezwa na fundi seremala wa hapa hapa mtaani, naye hakutaka malipo. Na katika sala alimwuliza imamu wake, akaruhusiwa kusali juu ya kiti.

Sasa twafika penye kosa letu la kwanza.

Katika juma la saba tangu kupasuliwa, ofisi ya chama ilimpelekea barua. Barua ile tuliipiga chapa sisi wenyewe. Ilisema kwamba kwa heshima anakumbushwa malipo yake ya miezi miwili hayajafika, na kwamba anaombwa kuyatimiza kabla ya mwisho wa mwezi. Haikuwa na neno la ukali. Ilikuwa ndiyo barua ile ile tunayowapelekea wote waliochelewa, imebadilishwa jina tu, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa.

Usiku ule, watoto wamekwisha kulala, alitoka kwa gongo lake moja hadi uani ilikokuwa pikipiki. Akasimama upande wa kushoto kama kawaida, akauinua mguu wa kulia auvushe. Mguu ulifika nusu ya njia, ukakwama katika keria. Alipojaribu kuuvuta, pikipiki ikasimama wima kisha ikaangukia upande wa pili, naye akabaki ameshika ukuta kwa mikono miwili. Lau ingemwangukia yeye, leo tungekuwa na maneno mengine ya kusoma.

Asubuhi mkewe alikuja ofisini, barua mkononi. Hakupaza sauti. Alituuliza, "Bwana Karani, barua hii uliiandika ukijua kwamba ana majuma saba tu tangu apasuliwe?" Tukajibu kwamba tulijua. Akaiweka juu ya meza akaenda zake.

Kamati ilikutana upesi, na kwa aibu tuliyokuwa nayo tukafanya kosa la pili. Tulisimamisha malipo, na hilo lilikuwa jema. Lakini tuliandika pia katika daftari kwamba mwanachama huyu asipande tena pikipiki maisha yake yote, na kwamba chombo kiuzwe. Hatukumwuliza yeye wala daktari wake. Tulijiona tuna huruma, na kwa kweli tulikuwa na hofu. Mmoja wa wazee wetu, ambaye twamheshimu na ambaye yupo katika mkutano huu, alisema pikipiki imekwisha kuonja mguu wa mtu, isipewe tena.

Mwenzetu alipopelekewa habari alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni kwa gongo lake kwa kuwa viti vya ofisi ni vya chini. Akasema, "Wazee wangu, mlipotaka fedha hamkumwuliza daktari. Na mnapotaka kuniachisha kazi pia hamkumwuliza." Hatukuwa na jibu. Watu wawili wa Kamati wakachaguliwa kumfuata siku ya kliniki, na sisi tulikuwa mmoja wao.

Tulikwenda tukitaraji kupewa tarehe. Sisi watu wa ofisi twapenda tarehe, maana yaweza kuandikwa. Daktari alitujibu kwamba wengi wa waliowekewa nyonga huweza kuendesha motokaa baada ya majuma sita hivi, wakiwa wameacha dawa kali za maumivu na mguu umerudia wepesi wa kukanyaga breki. Lakini pikipiki ni jambo jingine, na mara nyingi yeye hataki kusikia habari zake kabla ya miezi mitatu kamili. Hata hiyo miezi mitatu, alisema, si ruhusa bali ni siku ya kuanza kuuliza. Dereva wa motokaa hukaa. Mwendesha pikipiki husimama. Kila penye tuta, kila abiria anapopanda na kushuka, chombo chenye uzito wa zaidi ya kilo 100, pamoja na mtu aliye nyuma, huegemea mguu mmoja. Mguu huo ukilegea kwa nukta moja tu, wote wawili wako chini.

Tukamwuliza, je, huko kuanguka ndiko kunakohofiwa, au mtikisiko wa barabara? Akasema chuma hakiogopi sana mtikisiko. Kinachoogopwa ni mfupa uliokikumbatia. Mtu mwenye nyonga yake ya kuzaliwa akianguka huenda akavunjika mahali pa kuungika vyema. Mwenye kijiti cha chuma ndani ya paja aweza kupasuka mfupa kuzunguka kile kijiti, na kazi hiyo ni ngumu kuliko operesheni ya kwanza, na gharama yake vivyo hivyo. Tena kuna kulika. Kwa hesabu zilizochapishwa mwaka 2019, zilizokusanywa katika nchi za ng'ambo, takriban nyonga 9 katika kila 10 zilizowekwa zilidumu miaka 15, na kama 6 katika kila 10 zilidumu miaka 25. Lakini wengi katika hesabu hiyo ni watu wazima waliokwisha kupumzika na kazi. Mwenzetu hajafika miaka arobaini. Yampasa kujua kwamba huenda akapasuliwa tena kabla hajawa mzee, na kila mzigo anaoupakia leo unahesabiwa katika siku hiyo.

Ndipo tukapelekwa kwa bwana wa mazoezi ya viungo, na huko tulijifunza zaidi kuliko kwa yeyote. Yeye hakuuliza miezi. Alimwambia mwenzetu asimame kwa mguu mpya peke yake, bila kushika kitu, huku yeye akitazama kiuno; nyama za nyonga zikiwa bado dhaifu, kiuno hushuka upande wa pili, na mtu huyo asipewe hata baiskeli. Alimtaka akae kitini na kuinuka bila mikono. Alimpandisha ngazi na kumshusha. Alimtaka auvushe mguu juu ya kigoda, pole pole, mbele na nyuma, bila kujipinda mgongo. Mwezi wa tatu kiuno kilishuka. Mwezi wa nne kilishuka kidogo. Mwenzetu alirudi nyumbani mara zote mbili bila neno, akaendelea na mazoezi yake kila asubuhi kandokando ya ukuta wa uani, na watoto wakimhesabia.

Hapa twataka wanachama wasikilize sana. Mtu hawezi kungoja hivi akiwa na njaa. Miezi ile iliwezekana kwa sababu malipo yalisimamishwa, kodi ya nyumba ililipwa katika Mfuko wa Maradhi, na akina mama wa chama walikuwa wakipeleka mchele na unga kila Ijumaa, wala hawakuitangaza kazi yao hata siku moja. Kama barua yetu ingalikuwa ndiyo neno la mwisho, asingengoja mwezi wa tatu, sembuse wa tano.

Mwezi wa tano kiuno hakikushuka. Daktari akatoa barua yake, nasi tukaenda naye kiwanjani asubuhi ya Jumapili, mahali patupu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiri. Stendi ya ubavuni ya pikipiki iko kushoto, na watu wote hupandia kushoto kwa kuuvusha mguu wa kulia. Na kwake yeye wa kulia ndio ule mpya. Bwana wa mazoezi alimfundisha kupandia kulia: pikipiki isimamishwe kwa stendi ya kati, imara kabisa, yeye asimame kwa mguu mpya uliokwisha kupata nguvu, na mguu wa kushoto, ambao haukuguswa, ndio uvuke. Keria ndefu iliondolewa. Injini ikiwa imezimwa alipanda na kushuka mara ishirini, hata tuliokuwa tukitazama tukachoka. Hakuruhusiwa kupiga kiki, maana kiki hupigwa kwa mguu wa kulia na kwa nguvu ya ghafula, akatumia kitufe. Kisha akaenda polepole akasimama, akaenda akasimama, kwa breki ya mkono na ya mguu pamoja, na kila mara alitua kwa mguu wa kushoto. Juma la kwanza aliendesha peke yake bila abiria. Majuma yaliyofuata alipakia mzigo mwepesi. Abiria wa kwanza, baada ya kutimiza miezi sita, alikuwa mkewe, naye alikaa kwa kupanda, si kwa upande, akavaa helmeti na jaketi la kung'aa kama sheria inavyotaka kwa dereva na abiria pia. Walifika mwisho wa barabara ya Tom Mboya wakarudi.

Wengine walidhani ya kwamba jambo salama kwake lingekuwa kufanya kazi katika vichochoro vya Mji wa Kale, kwenye mwendo wa kobe, na kuikwepa barabara kuu. Yeye mwenyewe ametuambia ni kinyume. Katika Ndia Kuu na vijia vyake, penye mikokoteni, watoto, na motokaa isiyotaka kurudi nyuma, mtu hutua mguu kila hatua, na jioni nyonga humwambia. Barabara pana humchosha kidogo, ila kuanguka kwake ni kubaya zaidi. Basi amechagua baina ya mawili: hubeba abiria wa hapa Tudor, Tononoka na Makupa mchana, mvua ikinyesha huegesha, na mitungi ya gesi na magunia amewaachia wenzake wa steji. Kipato kimepungua. Hakutuficha hilo.

Wako waliouliza kwa nini asihamie tuktuk, yenye magurudumu matatu na isiyotaka mtu aishikilie kwa mguu. Swali ni jema, nasi tulimwuliza. Alipata ya kukodi kwa majuma machache katika mwezi wa tano, akaona hesabu ya mwenye chombo inamaliza karibu yote aliyoyapata, na breki yake ni ya mguu wa kulia siku nzima. Akipata yake mwenyewe siku moja, amesema ataifikiri. Kwa upande wetu twaona Kamati ingefaa kuanza kuweka akiba ya mkopo wa namna hiyo, kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine, maana hakuna ajuaye ni nani atakayefuata.

Na kwako, mzee wetu uliyesema pikipiki imeonja mguu wa mtu: hatukusahau neno lako, wala hatulipuuzi. Ulilisema kwa kuwa umezika vijana. Lakini mwenzetu ana watoto watatu, na kazi anayoijua ni hii. Na tukimnyang'anya chombo cha chama, atakwenda kuendesha cha mtu, usiku na mchana, pasipo kutazamwa na yeyote. Twaona ni heri aendeshe mbele ya macho yetu.

Kamati sasa inaleta mbele ya mkutano huu mambo yafuatayo, iombe kura yenu. Mwanachama yeyote aliyepasuliwa kiungo, malipo ya mkopo wake yasimame miezi sita bila faini, na barua ya ukumbusho isitoke ofisini kabla ya mjumbe wa Kamati kufika nyumbani kwake na kumwona kwa macho. Asirudi juu ya chombo cha chama mpaka alete barua ya daktari, na mpaka apande na kushuka mbele ya watu wawili, mmoja wao akiwa mwendesha pikipiki. Na ule mstari ulioandikwa katika daftari, kwamba mwenzetu asipande tena maisha yake yote, ufutwe kwa wino mwekundu na kutiwa sahihi na sisi tulioandika.

Mwenzetu yuko hapa leo. Amekaa kwenye kiti kile kirefu karibu na dirisha, na aliye na swali amwulize mwenyewe baada ya chai. Twamrudishia Bwana Mwenyekiti kikao chake.